Jina la Kuazima

Kila mwaka, ukifika muhula wa pili, nawasomesha wanafunzi wangu wa darasa la mwisho mashairi ya watu weusi wa visiwa vya Karibi, na kila mwaka mashairi hayo yananikasirisha. Programu ya Kifaransa ndiyo inayotaka hivyo. Mimi ni mwalimu tu wa sekondari hapa Kolwezi. Nafundisha nilichopangiwa, na mshahara ukichelewa nafundisha hicho hicho kwa sauti ya chini zaidi.

Siwachukii washairi wenyewe. Nimewapenda kuliko watu wengi ninaowasalimia njiani. Kinachonichoma ni imani yao. Wasome mmoja baada ya mwingine, utaona wote wamegeuza uso upande mmoja, huku kwetu. Babu zao walikamatwa, wakavushwa bahari, wakauzwa, wakapewa majina ya mabwana wao jinsi ng'ombe anavyopigwa chapa. Sasa mjukuu ameketi barazani kwake, anaandika kwa lugha ya bwana yule yule kwamba huko Afrika yuko bibi aliyemtunzia jina lake la kweli. Anaamini kabisa kwamba limewekwa mahali pazuri, limefunikwa, linamngoja. Mimi nasoma hayo mbele ya madawati, huku nje malori ya madini yanapita hadi vioo vya madirisha vinalia, na moyoni nasema: ndugu yangu, usijisumbue kuja. Utatukuta na sisi tunatafuta.

Wanafunzi wangu huwahurumia sana watu wa visiwani. Humo mashairini wanamkuta sungura mjanja wa hadithi, aliyevuka bahari ndani ya vichwa vya watumwa bila kulipa nauli, na wanacheka. Lakini ukiwaambia wasimulie hadithi moja ya sungura waliyoisikia kwao, wanatazamana, maana nyumbani jioni wanaangalia filamu za Kinijeria. Wanakuta habari za wafu wanaorudi Afrika kwa kupita chini ya maji. Wanakuta na neno Kongo lenyewe, ambalo kule mara ni jina la ngoma, mara ni tusi la kumtupia mtu mweusi sana aliyeshuka melini juzi. Hapo darasa zima hulipuka kwa kicheko, mmoja humwita mwenzake Kongo, na mimi hugonga meza.

Mwaka ninaousimulia tulisoma shairi la mtu anayekataa kuitika. Msimamizi wa shamba la miwa anaita majina asubuhi, naye anasimama kimya kwenye mstari, kwa sababu jina linaloitwa si lake, na lililo lake halijui. Nilikuwa nimeeleza vizuri, kwa maoni yangu, mambo ya ukoloni na ya mtu kujitambua, maneno yale yanayopendwa na mitihani ya serikali. Msichana mmoja wa benchi la nyuma, ambaye kwa kawaida husinzia, akanyanyua mkono.

"Madame, bale batu banatafuta nini huku?" aliuliza. "Shiye benyewe hatuyue hata jina ya bankambo."

Wenzake walicheka, kwa sababu ni kweli. Nkambo ni babu au bibi, na wengi wao hawajui wa kwao alizikwa wapi. Mimi sikucheka. Nilimwambia akae, nikawapa zoezi la kuandika, nikasimama dirishani hadi kengele. Jumapili iliyotangulia gari lenye kipaza sauti lilikuwa limepita Kapata, mtaa wetu wa nyumba za wafanyakazi, likitangaza kwamba shimo la madini linapanuliwa na makaburi ya zamani yatahamishwa. Baba yangu alikuwa amelala huko, chini ya msalaba wenye jina la mtu mwingine.

Baba alishuka kutoka kaskazini ya Katanga, upande wa Kabongo, akiwa kijana, wakati Wabelgiji bado wameshika kila kitu. Alilala nje ya ofisi ya kuandika wafanyakazi hadi walinzi wakamzoea, na hakuandikwa. Mtu mwingine wa kaskazini alikuwa ameandikwa, amepewa blanketi, kofia na namba. Mtu huyo alishuka shimoni, akasikia baruti ikilipuka, na kesho yake akaiacha kofia juu ya kitanda na kupanda treni ya kurudi kwao. Kapita wa kikosi, yaani mnyapara, hakutaka kwenda kumweleza Mzungu kwamba amepoteza mtu. Alitoka nje, akamnyooshea baba kidole, akamwambia kwamba leo jina fulani likiitwa, aitike. Jina likaitwa. Baba akasema, "Niko."

Kwa neno hilo alipata kazi, nyumba, unga wa kila wiki, na baadaye mke. Sisi tuliozaliwa Kapata tulizaliwa ndani ya neno hilo. Ndiyo maana shairi la yule mtu aliyekataa kuitika lilinikasirisha kuliko mengine. Ni zuri, sikatai, lakini aliyeliandika hakuwa na watoto wa kulisha siku ile.

Wala haikuwa siri ya ajabu. Mtaa mzima ulikuwa na watu kama baba. Kampuni ilihesabu namba, haikuhesabu sura. Nyumbani tuliligeuza utani. Mgeni asiyejulikana akigonga mlango, mama alimwambia baba kwamba mwenyewe amekuja kuchukua jina lake, na baba, ambaye hakuogopa baruti, alichungulia kwanza dirishani. Alicheka pia, lakini alichungulia. Wahenga walisema cha kuazima hakisitiri matako. Cha baba kilitusitiri sisi wote. Yeye peke yake ndiye aliyeishi ameshikilia upindo usifunuke.

Kichekesho kikubwa kilikuja serikali ilipoamuru kila mtu aache jina la Kizungu la ubatizo na kuchukua jina la mababu zake. Watu walikwenda ofisini wakiwa wamevaa vizuri, kama wanaokwenda harusini. Baba naye akaenda, akapeleka lile lile la kuazima. Angepeleka lipi? Ndilo ambalo kampuni ilikuwa ikimlipia mshahara. Hivyo mimi na kaka yangu tukaandikishwa shuleni kwa jina halisi la Kiafrika, la mababu wa mtu aliyekimbia baruti.

Jina lake la kweli hakututajia kamwe. Kwetu mtoto huzaliwa na jina la tumboni, jina la mzee wa ukoo anayerudi ndani yake, na jina hilo halitupwi ovyo njiani: huitwa na watu wa damu yake anapoumwa sana, anapobarikiwa, na anapokufa. Tulipomsumbua alijibu kwamba ameliacha kaskazini, huko hakuna wa kuliiba. Nadhani mwanzoni aliogopa midomo yetu ya kitoto isije ikamponza kazini, halafu akazoea tu. Alikufa baada ya kampuni ya zamani kuanguka, kifua kimejaa vumbi la Mashamba, mashimo alikomalizia kazi yake. Dada yake mdogo aliyeko Mutshatsha hakufika kwa wakati, treni ilikuwa imekwama njiani. Tulimzika kwa jina tulilokuwa nalo.

Mtu akihamishwa kaburini, kwetu haitoshi kubeba mifupa. Mama, kabla ya kufa kwake na kwenda kulala Likasi kwa ndugu zake, alinisimulia walivyomhamisha babu yake Wabelgiji walipopitisha barabara juu ya makaburi ya kijiji. Mtu wa upande wa baba husimama juu ya kaburi na kumwita mfu kwa jina lake la tumboni, amwambie kwamba mahali hapa pamekwisha, ainuke waende. Mtoto wa mfu hushika mikononi tawi lenye majani mabichi. Mfu akikubali, tawi linakuwa zito, naye hubebwa hadi kaburi jipya bila mtu kugeuka nyuma. Mama aliona mikono ya mjomba wake ikishuka kwa uzito. Mfu asipoitwa, au asiposikia, mifupa huenda na mwenyewe hubaki.

Na pale alipokuwa baba, wangechimba. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Sijali sana kama mtu ananiona mwalimu wa Kifaransa anayeamini matawi. Cheti changu hakikunipa baba mwingine. Maisha yake yote aliyamaliza ndani ya shimo, akiitika jina la mtu. Sikutaka mashine zije zimshushe tena kazini baada ya kufa.

Kaka yangu hakutaka kusikia. Yeye ndiye mkubwa, na wenye mgodi walimtambua yeye kama msemaji wa familia. Alikuwa karani maisha yake yote, na sasa ni shemasi katika kanisa lake la Kiprotestanti, mtu wa koti hata katika joto la Septemba. Nilimkuta uani kwake akinyoosha bati.

"Papa alikuwa mukristu," aliniambia. "Tutaimba, tutaomba, itaisha."

Nilimjibu kwamba aliyebatizwa alikuwa mtu wa mstari wa namba, na kwamba hata Mungu mwenyewe siku ya mwisho akiita kwa jina la kitabuni atainuka mwingine, huko kaskazini, na blanketi lake la kampuni. Aliweka nyundo chini. Alisema nimesoma mashairi mengi mno ya watu wa baharini, yameniharibu kichwa. Kwamba wale wana haki ya kulilia majina, waliuzwa, lakini sisi nani alituuza? Swali hilo lilinizidishia hasira. Mke wake alileta chai na hakuna aliyeinywa. Tuliachana bila kuagana, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuamua kwenda Mutshatsha, kwa dada yake baba.

Nilipata nafasi mbele ya lori linalokwenda kubeba makaa. Barabara ile inakupaka vumbi jekundu hadi meno. Mkobani nilikuwa na kile kitabu cha mashairi, maana nilikuwa na insha za kusahihisha nikirudi, na kila mara lori liliposimama nilisoma kidogo. Nilisoma habari za mwanamke wa kisiwani anayeshona vipande vya vitambaa na kumwita kila bibi aliyesahauliwa kwa rangi ya kitambaa, kwa kuwa hana jina la kumwitia. Nilimwonea huruma, nikamwonea na wivu. Yeye alijua ameibiwa na nani.

Shangazi alikuwa kando ya reli, kati ya magunia ya makaa na mafungu ya mihogo, mweusi kwa vumbi la biashara yake. Kwetu shangazi ni baba wa kike, tata mwanamuke tunamwita, na unapiga magoti kidogo kumsalimia hata kama una mvi. Nilipiga magoti. Aliniambia nimekonda, kisha akaniambia nimezeeka, kisha akauliza nani amekufa, kwa sababu mtu wa Kolwezi haji Mutshatsha bure. Nilimweleza yote. Akawauzia wateja kwanza, akarudi kukaa.

Jina analo, alisema. Alikuwa mtoto mdogo ameshika nguo ya mama yao, siku kaka yake anaondoka kwenda Kolwezi. Mama yao alimpaka kaka pemba, ule udongo mweupe wa baraka, kwenye paji la uso, akamwita kwa jina lake la tumboni mlangoni, akamwambia aende na arudi. Hakurudi. Lakini jina shangazi alilisikia, na hajalisahau. Nilimwomba anitajie. Alikataa, jina hilo halimwagwi juu ya reli. Atakuja Kolwezi yeye mwenyewe, ataliita pale alipolala, na mimi nitashika tawi. Alitaka kitenge kipya tu, ili kaka yake asimwone katika matambara.

Sijui kueleza furaha niliyoipata. Kuna mtu alikuwa nalo! Lilikuwepo kweli, limewekwa, limefunikwa, lilikuwa linatungoja, kama washairi wale wanavyoapa. Jioni, tukimenya mihogo, nilimsimulia habari zao. Nilimgeuzia shairi moja kwa Kiswahili, nikimweleza bahari na miwa. Alisikiliza kwa adabu, jinsi mtu anavyosikiliza msiba wa jirani wa mbali.

"Na bale, kuko benye balirudiaka?" aliuliza.

Nilimwambia wachache sana, watoto wa watoto. Wanakuja na ndege, wanapokelewa na ngoma, wanapigwa picha, wanapewa jina la Kiafrika, kisha wanarudi kwao.

"Jina ya nani?"

Sikujua. Sikuwahi kujiuliza. Shangazi alitikisa kichwa na kuendelea na kisu chake. Nikamwomba basi anisimulie hadithi moja ya sungura, ile ambayo mama yao aliwasimulia, niwapelekee wanafunzi wangu. Alianza vizuri, sungura alifika kwenye shamba la karanga la mfalme, akajificha, halafu shangazi akasimama hapo hapo, kisu hewani. Alitafuta. Akacheka kwa aibu, akasema nyimbo za kanisa zimejaa kichwani, hadithi zimekosa pa kukaa. Nikamwambia haidhuru, jina ndilo la maana. Usiku huo nililala vizuri, kwa mara ya kwanza tangu gari lile la kipaza sauti.

Siku ya kuhamisha makaburi, shangazi alikuwa ameshafika Kapata, amevaa kitenge kipya, ananuka moshi wa makaa chini ya sabuni. Makaburini walikuwa wametandika turubai za kivuli na viti vya plastiki kwa familia. Wafanyakazi walivaa nguo nyeupe na glavu, na walifanya kazi yao kwa heshima. Siwezi kusema vingine. Nyuma ya uzio mashine za manjano zilikuwa zimepangwa, zinangoja. Kaka yangu alisimama mbali, karibu na gari, na Biblia na koti lake. Nilikuwa nimemwambia tutakachofanya. Hakukubali na hakuzuia. Alisema tu kwamba yeye hataangalia.

Walipofika kwenye msalaba wa baba, msimamizi alituuliza kama tuna sala. Shangazi alisema tunayo. Wafanyakazi wakasogea pembeni. Shangazi alivua viatu, akachovya kidole katika pemba aliyoifunga kwenye upindo, akajipaka, akanipaka mimi. Akaniwekea tawi juu ya viganja viwili. Kisha akainama juu ya udongo na kuita.

Sitaliandika hapa, si la karatasini. Ni jina fupi. Aliliita kwa Kiluba, na Kiluba changu ni cha kuokoteza, lakini nilifahamu: mwana wa mama, hapa pamekwisha, watoto wako hawa, inuka twende. Sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo. Nilikuwa nimelingoja jina lile tangu nilipojua kuuliza. Nilidhani, kama wale wa visiwani, kwamba siku nitakayolisikia kitu fulani kifuani kitakaa mahali pake. Nilisikiliza kifua changu. Hapakuwa na kitu. Tawi lilikuwa jepesi, majani yake yanacheza na upepo wa malori.

Aliita tena. Akangoja, akanitazama mikono.

"Inakuwa nzito?"

Nilisema bado. Akaniambia nimwite mimi, mwana wake. Nikaliita. Nililitamka sawasawa, shangazi aliitikia kwa kichwa, na papo hapo nilijua kwamba namwita mtu nisiyemjua. Kijana yule aliyepakwa pemba mlangoni, sikuwahi kumwona. Hakuwahi kunibeba mabegani, hakuwahi kuchungulia dirishani, hakukohoa damu mikononi mwangu. Kama angeinuka pale angenipita bila salamu. Niliona uchungu ambao sikuwa nao hata siku ya mazishi, nikaliita tena kwa nguvu, kwa hasira, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba asiyoijua.

Hapo ndipo niliposikia viatu nyuma yangu. Kaka yangu alikuwa amekuja. Biblia ameibana kwapani, koti limefungwa vifungo vyote, na machozi yanamtiririka bila yeye kuyafuta. Hakumtazama shangazi. Alisimama wima mguuni mwa kaburi kama kapita asubuhi, akaita jina la kuazima, lote, pamoja na namba ya kazi. Sikujua kwamba anaikumbuka ile namba. Aliita kama wafanyakazi walivyoitwa langoni, kisha akasema taratibu, "Papa, twende."

Nikashusha macho kwenye tawi. Nililitaka lishuke. Nilikuwa tayari kulisukuma chini mwenyewe. Lakini halikuwa na uzito wowote zaidi ya ule wa majani.

"Ni nyepesi, tata mwanamuke," nilisema.

Shangazi alilipima kwa kidole chake kimoja, kutoka chini. Akakaa juu ya udongo, kitenge kipya na yote.

"Anasikia majina mbili," alisema. "Hayue ya kwake ni gani."

Kaka yangu aliuliza kwa sauti ndogo kama tunaweza kujaribu tena, yeye shemasi, na shangazi akajaribu tena, jina lake, halafu la kampuni, halafu lake, hadi sauti ikamkauka. Msimamizi alikuja kutuomba radhi. Kulikuwa na familia nyingine zinangoja. Tukasogea. Wafanyakazi wakachimba polepole, wakakusanya walichokikuta, wakakiweka kwenye sanduku dogo, dogo kuliko nilivyotazamia. Nikataka kuliweka tawi juu yake hata hivyo. Shangazi alinizuia mkono, akasema hatuendi kuzika majani. Nililiacha ukingoni mwa lile shimo.

Makaburi mapya ni uwanja mwekundu usio na mti hata mmoja, misalaba imepangwa kwa mistari iliyonyooka. Wa baba ulikuwa umeshapigwa rangi, na jina la yule mtu aliyekimbia lilikuwa limeandikwa vizuri, bila kosa. Wanaume walishusha sanduku na kurudishia udongo. Kutoka upande tuliotoka tulisikia mashine zikiwashwa. Kaka yangu alifungua kitabu cha nyimbo, akaanzisha wimbo ambao baba aliupenda, na sisi wawili tukamwitikia, hadi ubeti wa mwisho. Wafanyakazi walikuwa wameondoka, na baba hakuwa amekuja nasi: pale uwanjani tulikuwa watatu tu.